Redio Isiyo ya Babu

Karakanani
4 Februari

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ukiacha mama, ambaye mguu wake wa kushoto sasa hautaki kabisa kusikia amri. Asubuhi nampeleka dirishani, mchana namrudisha kitandani, na katikati ya safari hizo mbili ndipo nafanya kazi. Benchi limejaa. Wiki hii zimekuja redio tatu kubwa za mbao, zote bubu. Moja nilipoifungua nyuma nikakuta mijusi wamejenga mji. Nimemwandikia mwenyewe kwamba mgonjwa amepona ila wapangaji wanalalamika kuhamishwa.

Binti hajambo? Ndani ya bahasha hii kuna barua yake. Nakuomba umpe mkononi, kama zile nyingine. Najua bado ni mzito wa kuandika. Ulinieleza na simlaumu. Kumzika mama ukiwa na miaka tisa si jambo la kwisha kwa mwaka wala miwili. Ila juzi mama aliniuliza kama mjukuu wake bado anaisikiliza ile redio ya jiwe niliyomtengenezea. Nikamwambia, "Kila siku, mama. Shemeji kasema." Akacheka mpaka akakohoa. Hawezi kuamini kwamba kuna redio isiyo na betri wala umeme, inayosema kwa nguvu ya kijiwe tu na waya uliofungwa kwenye bomba la maji. Anadhani nawatania wote wawili. Niambie anasikiliza nini, nimpelekee na hilo.

Na lile suala la kuja kuwaona nalileta tena. Jirani amekubali kukaa na mama siku tano. Kwa treni ni siku moja na nusu tu. Mwaka wa tatu sasa, shemeji. Kama uso wangu ndio tatizo, nitajitanda mtandio mpaka machoni.

Wako,
Fundi


Stesheni, Ofisi ya Msimamizi
19 Februari

Shemeji mpendwa,

Barua imefika, na ya binti nimempa mkononi kama ulivyoagiza. Kaisoma mara mbili, kaiweka chini ya mto. Hana maneno mengi, unamjua, lakini macho yanasema.

Redio yako ndiyo roho yake. Akitoka shule, hata viatu hajavua, visikilizio vishakaa masikioni. Anapenda taarifa ya hali ya hewa, sijui kwa nini. Siku hizi yeye ndiye anayetuambia tubebe miavuli.

Kuhusu kuja, vuta subira kidogo. Wewe na marehemu mmefanana mno. Mwezi uliopita aliona picha yako akashindwa kula kutwa nzima. Hata mwalimu wake anashauri tusikiguse kidonda. Wakati ukifika nitakupokea mimi mwenyewe mlangoni mwa behewa.

Msalimie sana mama.

Shemeji yako


Makumbusho ya Mji
2 Machi

Kwa Fundi wa Redio za Zamani,

Hatufahamiani. Nimeelekezwa kwako na fundi saa wa mtaa wetu, aliyeniapia kwamba kwa redio kongwe hakuna mkono mwingine.

Kwa treni ya mizigo ya kesho natuma kasha lenye kitu tunachokipenda kuliko vyote tulivyonavyo: redio ya jiwe ya miaka themanini hivi, iliyoundwa kwa mkono na mkuu wa stesheni wa zamani hizo, na kutolewa kwetu na mjukuu wake. Kila Jumamosi watoto wa shule hupanga foleni kuisikiliza, kila mmoja dakika mbili. Tangu Desemba imekuwa kimya. Hapa hatuna anayeijua, na naogopa mtu asije akaitia bisibisi akaiua kabisa.

Naomba uirudishie sauti bila kubadilisha chochote cha asili. Na uwe mwangalifu zaidi na kile kitufe cha kutafutia stesheni. Ni kifungo halisi cha sare ya marehemu mkuu wa stesheni.

Wako katika kazi,
Mhifadhi


Karakanani
13 Machi

Mheshimiwa Mhifadhi,

Kasha limefika jana, halina hata mkwaruzo. Nilipolifungua, kitu cha kwanza nilichokitazama ni kile kifungo.

Ubovu nimeshauona. Mbao zimepakwa vanishi nzito, na joto la taa zenu za kabatini limeiyeyusha ikatambaa mpaka kwenye koili ya waya, pale ambapo kitelezi kinachosukumwa na kifungo kinatakiwa kugusa shaba tupu. Kazi ya siku mbili. Lakini sitaigusa kabla hujanijulisha mambo mawili: aliyeileta ni nani, na alisema nini alipoileta. Daktari huuliza historia ya mgonjwa. Na mimi vilevile.

Fundi


Karakanani
13 Machi

Shemeji,

Barua fupi leo. Nina swali la kifundi kuhusu redio ya binti. Redio hizi zikifika miaka mitatu huanza kusumbua. Hebu mwambie aangalie kifungo kama kinacheza. Na yale maneno niliyomwandikia kwenye karatasi na kuyagandisha chini ya kasha, bado yanasomeka? Gundi ile sikuiamini sana.

Nijibu haraka.

Fundi


Makumbusho ya Mji
22 Machi

Kwa Fundi,

Umefanya vizuri kuuliza. Aliyeileta ni Msimamizi wa stesheni yetu. Wakati huo alikuwa karani tu. Tulikuwa tukizunguka ofisini kwao kuomba vitu vya kale vya reli, wenzake wakatoa taa na filimbi, yeye akaleta hii. Alisimulia jinsi babu yake, mkuu wa stesheni, alivyoiunda kwa saa zake za mapumziko, na jinsi familia ilivyoitunza. Wakubwa wa reli walikuja siku ya kuipokea. Nafikiri ndipo walipomjua ni nani, kwani haukupita mwaka akapandishwa cheo. Ukutani kwetu kuna kibao chenye jina la babu yake.

Binti yake alihutubia siku hiyo. Alikuwa na miaka kumi, na hakukuwa na jicho kavu ukumbini. Bado huja kila Jumamosi. Aliposikia redio iko kwa fundi ameniomba nikutumie barua yake, nami naiambatisha. Ukitaka kumjibu, pitishia kwangu. Anapenda kupokea barua mwenyewe, na anasema nyumbani kwao hakuji barua zake.

Mhifadhi


Jumamosi, 20 Machi

Kwa Fundi,

Shikamoo. Mimi ni mtoto wa Msimamizi wa stesheni, niko darasa la saba. Redio unayotengeneza ni ya babu yake baba.

Nakuomba uipone vizuri. Najua nimekosea, mtu ndiye hupona, lakini nimeliacha hivyo hivyo. Huwa napanga foleni na wengine, dakika mbili, halafu narudi nyuma ya foleni tena. Mhifadhi hujifanya hanioni. Siku moja nilisikia mtu akisoma taarifa ya vifo, na siku nyingine mwanamke anaimba lakini mbali sana, kama yuko nyumba ya tatu.

Sikuwahi kuishika kwa muda mrefu. Baba alisema ni mali ya historia.

Mama yangu alikuwa na mdogo wake anayetengeneza redio pia. Mama alimsifia sana. Lakini tangu mama afariki hajatuandikia hata mara moja. Baba anasema watu wengine msiba ukiisha na undugu umeisha. Labda unamjua, maana mafundi wa redio si wengi? Kama unamjua usimwambie chochote. Nimeuliza tu.

Mwanafunzi wa darasa la saba


Stesheni, Ofisi ya Msimamizi
27 Machi

Shemeji mpendwa,

Usitie shaka. Nimeikagua redio mwenyewe. Kifungo kimekaza kama siku ya kwanza. Maneno ya chini yanasomeka vizuri sana. Binti huyapitishia kidole kabla ya kuvaa visikilizio, imekuwa kama sala yake. Hata sasa ninapoandika amekaa hapo mlangoni, kaivaa, anatikisa kichwa, mimi namwita hanisikii.

Kwa kweli ulimpa zawadi ambayo hakuna mwingine angeweza kumpa. Mama yake angekushukuru.

Mama anaendeleaje?

Shemeji yako


Karakanani
1 Aprili

Kwa mwanafunzi wa darasa la saba,

Marahaba. Neno lako silisahihishi. Redio nazo hupona, na hii imeanza. Jana niliondoa vanishi kwenye koili kwa kitambaa na spiriti, sentimita moja moja, na mchana ikasema. Alikuwa mtu wa hali ya hewa. Nilimwekea mama yangu visikilizio; ni mzee, hatembei. Alishtuka akaniuliza nani yuko chumbani.

Naomba msaada wako. Fundi anahitaji kujua kila kitu kuhusu chombo. Kile kifungo cha kutafutia stesheni, kikubwa, cha kahawia, chenye matundu manne. Unakifahamu? Uliwahi kukiona mahali pengine?

Fundi


Jumamosi, 10 Aprili

Kwa Fundi,

Shikamoo.

Swali lako limenifanya nisilale. Nitakueleza.

Mama alikuwa na koti la kahawia. Alikuwa mshonaji, alilishona mwenyewe, na vifungo alivitafuta mji mzima. Tulipokuwa tunangoja treni mimi nilikuwa nasimama ndani ya koti pamoja naye, yeye ananifungia kwa mbele, na kifungo cha pili kilikuwa kinakuja hapa, puani kwangu. Nilikuwa nakiuma. Kina alama ya meno upande wa nyuma.

Siku ya kwanza nilipokiona makumbusho nilimwambia baba, "Baba, hiki cha mama." Akaniambia vifungo vya zamani vyote vinafanana. Nikahutubia. Nilisema mambo ya babu mbele ya watu wote.

Fundi, wewe umekifungua. Kina meno?

Na jambo lingine. Nilikuuliza kama unamjua mdogo wake mama, hukujibu. Ulijibu yote mengine.


Karakanani
18 Aprili

Shemeji,

Redio iko mbele yangu. Imekaa hapa benchini tangu tarehe kumi na mbili Machi. Makumbusho wameniletea niitengeneze, bila kujua wanamletea nani. Kwa hiyo siku ile ulipoandika kwamba mtoto amekaa mlangoni kaivaa masikioni, anatikisa kichwa, mimi nilikuwa nimeishika kwa mikono yangu miwili.

Nilikutega, ndiyo. Nilikupa nafasi mara moja ya kusema kweli, ukaniongezea sala na kidole.

Nimeondoa rangi ya viatu uliyoipaka ili ionekane kongwe. Nimeondoa vanishi tabaka tatu. Chini nimekuta ulipoikwangua ile karatasi kwa kisu. Umekwangua mpaka ukaumiza ubao. Yalikuwa maneno sita tu, shemeji. "Kwa binti wa dada, usikilize dunia." Yalikukosea nini?

Hebu nikukumbushe ulichompa Mhifadhi. Mbao ni za kabati la mama lililovunjika. Visikilizio tu ndivyo vya kale kweli, nilivitoa kwenye redio ya meli. Koili niliizungusha juu ya lile bomba la karatasi ngumu la jora la mwisho alilonunua dada, kitambaa cha bluu alichokufa hajakikata. Mizunguko mia na ishirini. Nilipofika themanini nililia nikapoteza hesabu, nikaifumua, nikaanza upya. Na kifungo kilitoka kwenye koti lake la kahawia. Koti ulinipa wewe mwenyewe siku ya kugawa nguo. Ulilikunja kwa mikono yako. Usiniambie hukukijua.

Kifungo hicho ndicho umekifanya cha sare ya babu yako mkuu wa stesheni. Babu yako alikuwa mchukuzi wa mizigo. Dada alipenda kusimulia habari zake kuliko wewe, jinsi alivyobeba mgongoni kinanda cha watu peke yake na akakataa kukitua kabla hajafika. Yeye hakuona aibu.

Redio ningekusamehe. Ungeniambia tu, "Shemeji, niliivunja, niliipoteza, niliigawa," ningetukana siku tatu nikatengeneza nyingine. Lakini mtoto anaamini nilimsahau. Barua kumi na moja nimemwandikia. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka mitatu, ukaniambia uso wangu unamkosesha chakula, nikawa najitazama kwenye kioo nauonea uso wangu haya. Uso unaonifananisha na dada yangu! Ulinifanya niuonee haya.

Niandikie. Safari hii usimtaje mtoto kufanya hiki wala kile.


Stesheni
29 Aprili

Shemeji,

Nimeandika hii mara nne. Hii ndiyo isiyo na maua.

Redio ilifika wiki mbili kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Niliificha juu ya kabati la ofisini ili nimshtukize. Makumbusho wakaja. Kila mtu akawa na kitu cha kutoa, mimi nina miaka kumi na tisa kazini na bosi bado ananiita "wewe wa tiketi." Akaiona. Akauliza, "Hiyo ya nani?" Mdomo ukajisemea, "Ya babu." Nilidhani wataitazama na kuondoka. Wakauliza babu alikuwa nani. Nikawaambia alichopaswa kuwa.

Usiku ule ningeweza kurekebisha. Asubuhi yake bosi akanipa mkono. Hajawahi kunipa mkono.

Baada ya hapo ilibidi msiandikiane. Ungeuliza redio, angekujibu redio gani. Kwa hiyo nikazuia barua moja, halafu ya pili, halafu ikawa ndiyo kazi. Kukujibu kulinisaidia, sijui kama utaelewa. Kwenye zile barua alikuwa anaisikiliza kweli. Nilikuwa namwona.

Kifungo nilikijua. Kila Jumamosi nikipita makumbusho napita upande mwingine wa barabara.

Sasa nakuomba kwa jina la dada yako usinivue nguo mbele za watu. Si kwa ajili yangu. Mimi nitachekwa stesheni, nimezoea. Lakini yeye alihutubia. Jina lake limo kwenye kitabu cha wageni. Ukisema, watakaomcheka ni watoto wenzake, na watoto hawana huruma. Irudishe redio, iache iseme, mimi nitampa barua zako polepole, nitasema zilichelewa posta. Uje hata mwezi ujao. Kila mtu atapata kitu.

Nakuomba.


Karakanani
6 Mei

Mwanangu,

Kina meno. Matano. Nimeyahesabu kwa ncha ya sindano siku nilipopata barua yako, na mama, ambaye ni bibi yako, ameyagusa kwa ulimi kwa sababu vidole vyake havina hisia tena.

Mimi ndiye mdogo wake mama yako. Redio hii niliitengeneza mimi, kwa ajili yako, ulipokuwa unakaribia miaka kumi. Haikuwa ya babu yeyote. Baba yako aliitoa makumbusho kama mali ya ukoo wake, kisha ili jambo lisijulikane akazizuia barua zangu kwako. Ziko kumi na moja. Sikukusahau hata wiki moja. Niliambiwa kwamba ukiniona utaumia, nikaamini, kwa sababu aliyeniambia alikuwa mtu wa kumwamini.

Umeniuliza waziwazi kama ninamjua mdogo wake mama, nikapita pembeni. Nilijua ni wewe tangu mstari wa kwanza. Ningeweza kusema. Nikaona nikuulize kwanza kifungo, nipate ushahidi wa kumbana nao baba yako, na ushahidi huo nikautafuta kwako, mtoto, bila kukwambia ni wa nini. Sina la kujitetea.

Baba yako anataka ninyamaze. Anasema utachekwa. Huenda ni kweli, na inaniuma. Lakini sitakuandikia tena kwa kinyago, wala sitaiacha redio yako irudi kabatini kwa jina la mtu mwingine. Leo hiihii nimemwandikia Mhifadhi kila kitu. Sikukuomba ruhusa, kwa sababu ningekuomba ungebeba wewe uamuzi ambao si wako kubeba.

Kumbuka jambo moja tu. Siku ile ulisema "hiki cha mama," na ulikuwa sahihi, ukumbi mzima ulikuwa umekosea.

Mama mdogo


Makumbusho ya Mji
21 Mei

Kwa Fundi,

Nimepokea barua yako na redio kwa siku moja. Kibao kimeondolewa ukutani. Msimamizi alikuja mwenyewe, akakiri, hakukaa kwenye kiti nilichompa. Wakubwa wake nao wamejulishwa. Watakavyoamua ni shauri lao.

Nimewaeleza watoto kwa sauti yangu, Jumamosi, wote wakiwa foleni. Zaidi ya watoto mia nne nimewadanganya bila kujua. Mmoja akauliza kama sauti iliyotoka ndani nayo ilikuwa ya uongo. Nikamwambia hapana, hiyo ilikuwa kweli.

Redio ni ya binti. Amekataa kuichukua, amekataa pia niirudishe kabatini. Ipo mezani kwangu.

Naomba uniruhusu kusema hili. Tarehe kumi na tatu Machi ulikuwa umeshajua. Uliniandikia kuhusu vanishi na taa zangu. Nilikuamini kwa sababu ya ufundi wako, na miezi miwili uliniacha niendelee kuitetea hadithi ambayo ulijua ni uongo.

Mhifadhi


Nyumbani
12 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Mpe na bibi shikamoo.

Baba amezileta barua zako jana mchana. Zilikuwa ofisini, kwenye droo ya chini, zimefungwa kamba ya vifurushi. Aliziweka mezani, akasema, "Hizi ni zako," akatoka. Zote zilikuwa zimefunguliwa. Nimezipanga kwa tarehe nikazisoma mpaka mwisho, na kila barua ina maswali kwangu. Kwa vile yalikuwa maswali yangu, nayajibu.

Barua ya kwanza uliuliza nani ananisuka siku hizi. Nilijisuka mwenyewe, ikawa vibaya, nikakata zote. Sasa zimeota tena mpaka masikioni.

Uliuliza kama bado naogopa radi. Niliacha. Hakukuwa na mtu wa kumkimbilia, nikachoka kuogopa.

Uliuliza kiatu namba ngapi. Ulikuwa unataka kunishonea viatu vya kitambaa. Wakati ule sijui. Sasa thelathini na saba, usicheke, miguu imetangulia mwili.

Uliuliza kama sikujibu kwa sababu nimekukasirikia. Ndiyo. Nilikukasirikia sana kwa sababu hukuandika, kumbe uliandika. Sasa imebidi hasira ile niitoe kwako nimpe baba, lakini sio yote imekubali kutoka. Nyingine imebaki kwako kwa ajili ya ile barua ya kifungo. Ulisema huna la kujitetea, na mimi sijakutafutia.

Uliuliza kama nimeota mama akiniongelesha. Mara mbili. Mara zote mbili alikuwa ananiambia nisimame wima anipime.

Shuleni walinicheka siku nne. Siku ya tano mmoja alivunjika mkono akipanda ukuta, wakahamia kwake. Baba amerudishwa dirisha la tiketi. Chakula anapika yeye, mimi nakula chumbani.

Barua ya kumi na moja, ya Februari, uliuliza kama ningependa uje. Swali hili ndilo nimelifikiria zaidi. Sijui. Nikifikiria unakuja nafurahi, halafu nakumbuka kwamba kila mtu mkubwa aliyeniambia ananipenda alikuwa anajua kitu ambacho mimi sikijui, na anakitazama kwa juu ya kichwa changu. Naomba usije kwa sasa. Lakini niandikie, kwa anwani ya nyumbani, jina langu mbele ya bahasha. Mtu wa posta ameshanijua, nimemwambia asimpe mtu mwingine.

Baba amekaa nje kwenye ngazi tangu nianze kusoma jana, aliingia kulala tu. Hata sasa yupo, ana karatasi mkononi haisomi. Hajaniuliza nakuandikia nini. Namwona mgongo. Nitamwita aje ale mezani, kwa sababu ni baba yangu. Kuongea naye, bado.

Mtoto wa dada yako